Mbayuwayu wa Mkono wa Kushoto

Mbeyu amestaafu jeshi mwaka huu, na Jumapili iliyopita alituita jamaa na marafiki nyumbani kwake Mnarani tule pamoja. Nilifika mapema nimsaidie. Tulikaa jikoni, yeye juu ya mbuzi akikuna nazi, mimi nikipeta mchele kwenye ungo. Joto la jiko lilipomzidi alivua blauzi akajifunga kanga kifuani, kama tulivyokuwa tukifanya wasichana. Alipoinama ndipo nikamwona yule ndege mgongoni mwake, chini kidogo ya bega. Mbayuwayu mdogo, mabawa kayanyoosha, mkia umegawanyika. Amefifia, wino umegeuka kijani. Miaka yote hii kila alipokuja likizo tulionana tukiwa tumevaa, harusini au matangani, na sikuwa nimemwona ndege yule tangu tulipokuwa wasichana wa miaka kumi na tisa. Mikono yangu ikasimama. "Wamtazama?" akaniuliza bila kugeuka. Nikasema namtazama. "Mtazame tu. Hakuna wa kumkagua tena," akacheka, akaendelea kukuna nazi. Mimi sikucheka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejificha wenyewe chini ya ungo, kama ulivyojizoesha mwaka ule, kana kwamba kuna mtu mwenye sare anakuja kutoka uani kutuambia tunyooshe mikono.

Mwaka ule nilikuwa nikikaa Malindi, mtaa wa Shela, kwa shangazi yangu Mwanakheri. Shangazi alikuwa mchoraji wa hina na piko. Hakukuwa na bibi harusi wa mtaa ule ambaye hakupita kwenye mkeka wake, na ukumbi wa nyumba daima ulinuka karafuu na ile dawa nyeusi ya nywele ambayo ndiyo piko yenyewe. Mimi na Mbeyu tulikuwa tumemaliza kidato cha nne. Tulikuwa tumekaa dawati moja na kukimbia mbio za kupokezana kijiti pamoja, na shule ilipokwisha tuliona vibaya kuachana hivi hivi. Ndipo tukaenda kwa kijana mmoja akiitwa Tindi, aliyekuwa akiwachora wageni karibu na ufuo kwa mashine aliyoachiwa na Mtaliano. Mbeyu alichagua mgongo ili mamake asimwone. Mimi nilikataa mgongo, kwa kuwa sikuweza kumvulia nguo mwanamume nisiyemjua, hata kama anatazama bega tu. Nikampa mkono, hapa juu kati ya kidole gumba na cha shahada. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Haya yangu ndiyo iliyomweka ndege mahali ambapo dunia nzima ingemwona.

Shangazi alimwona siku ile ile nilipokuwa nikimsaidia kupakua mbaazi. Alinishika mkono akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa jicho la fundi. "Nani kakuchora? Mkono wake mwepesi, huyu. Mstari haukutetemeka." Nikasema ni rafiki. Alidhani ni piko, nami nikamwacha adhani. Ila piko huchujuka. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kila nilipompa kikombe cha chai niliona macho yake yakishuka mkononi mwangu na kukaa hapo. Nikaanza kunawa kwa kujificha. Nikaanza kuvaa buibui ya mikono mirefu hata ndani ya nyumba. Mwisho asubuhi moja, mahamri yakiwa bado kwenye mafuta, aliniuliza kwa sauti ndogo sana: "Rehema, piko gani hii isiyochakaa?" Akaepua mahamri, akazima jiko, akakaa kwenye kibao. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Basi utaolewa nayo na utazikwa nayo," kisha akaniambia nimpelekee Mzee Shee chai yake.

Mzee Shee alikuwa mumewe. Kuta za nyumba ile hazikufika darini, ziliishia kiasi cha kichwa cha mtu mrefu na juu yake ulikuwa wazi hadi kwenye makuti, kwa hivyo maneno ya chumba kimoja yaliruka na kutua chumba cha pili. Jioni ile nikiwa nimelala kifudifudi kitandani nilimsikia shangazi akiuliza kama udhu wangu washika. Mzee Shee akafikiri. Akasema wino uko chini ya ngozi na maji hupita juu, kwa hivyo udhu washika, na lile kosa la kuchorwa ni baina yangu na Mola wangu, nitubie. "Na watu?" akasema shangazi. "Watu nao watapita juu?" Nikasikia Mzee Shee akikohoa, akageuza kurasa za msahafu.

Habari ya jeshi ililetwa na Mbeyu. Alikuja kutoka Kilifi na habari ya redioni kwamba watu wangeandikishwa kabla ya mwaka kwisha, na wasichana walitakiwa. Sijui nilimpa mtu yeyote sababu nzuri ya kutaka jeshi. Nilikuwa napenda kukimbia, na hapo ndipo mahali pekee nilipopasikia ambapo mtu angeniajiri kwa sababu ya miguu yangu. Nilijua pia kwamba wakinikataa, mwakani ningekuwa bado nimekaa kwenye mkeka ule nikikoroga piko ya mabibi harusi wengine. Tukaanza kufanya mazoezi na Bwana Kitsao, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akiwakimbiza vijana asubuhi karibu na kiwanja cha ndege. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata kwenye mavumbi. Siku ya kwanza alitupanga mstari akatueleza watakavyotukagua: urefu, meno, macho, nyayo kama zimelala, magoti kama yanagongana. "Na ngozi," akasema. Alipofika kwangu akasimama. "Hiyo ni nini?"

"Ni tatuu, Bwana Kitsao."

"Inafutika?"

"Haifutiki."

Hakuwa na ukali. Nadhani ukali ungenisaidia. "Binti yangu, iliyo chini ya sare, mwingine anaweza kuipita. Hii yako iko nje. Ukipiga saluti inaonekana, ukishika bunduki inaonekana. Mimi sitakudanganya. Wataitazama hiyo kabla ya kuitazama sura yako." Kisha akapuliza filimbi tukakimbia. Nilikimbia mbele ya wote siku ile, na kila hatua nilikuwa nikiutazama mkono wangu ukienda mbele na kurudi nyuma, mbele na kurudi nyuma, na ndege amekaa juu yake.

Tangu asubuhi ile sikuwa na raha. Mtu asiyepata kuogopa kitu kilicho kwenye mwili wake mwenyewe hajui ilivyo. Woga mwingine unaweza kuukimbia ukaingia ndani ukafunga mlango. Mimi nilikula nao, nilisali nao, nililala nimeulalia mkono ukafa ganzi. Nilisugua ndimu na chumvi hadi ngozi ikachubuka. Nikasugua jiwe la kusugulia visigino. Nikapaka majani ya mpapai, kwa kuwa jirani alisema utomvu wake unakula chunjua. Ndege alikuwa akififia kidogo palipovimba, nami nikifurahi, kisha uvimbe ukishuka ananirudia mweusi vile vile. Mbeyu akija Malindi kwa mazoezi tulikaa kwenye ngazi za nyuma, yeye akila viazi karai na ukwaju, mimi nikiwa siwezi kumeza. "Acha kuukwaruza," aliniambia. "Utauharibu." Nikamwambia kwake ni rahisi. Nikaona viazi vimemshinda yeye pia.

Mwishowe nilinunua chupa sokoni. Haikuwa na jina. Mwanamke aliyeiuza alisema watu hujipaka kuondoa madoa ya uso, kidogo sana, tone moja kwa siku. Nilimimina. Mwanzo niliona baridi, kisha nikaona kama nimeweka mkono ndani ya mafuta ya mahamri. Shangazi aliyekuwa uani akifua nguo alinisikia akaja mbio akiwa na sabuni hadi viwikoni. Alinishika akaniweka chini ya mfereji, na alipoiona chupa sakafuni akaelewa kila kitu. Alikuwa akilia na kunitukana kwa wakati mmoja. "Ungeniambia! Mtoto wewe, ungeniambia mimi! Ngozi ndiyo kazi yangu!" Tulikwenda hospitali mkono umefungwa kwenye leso yake ya harusini. Daktari kijana aliyenisafisha aliniambia kuna mashine za mwanga zinazofuta michoro, huko miji mikubwa, na zinataka kurudi tena na tena kwa miezi mingi, nami sikuwa na miezi. Akanifunga bendeji akasema nisubiri.

Kusubiri kule ndiko ninakokumbuka kuliko maumivu. Kila siku nilikuwa nikijiambia chini ya kitambaa kile hakuna kitu, ni ngozi mpya, nyeupe kama ya mtoto. Kila siku nilikuwa nikijiambia yuko. Nilinusa bendeji. Niliibonyeza pembeni. Nilimwota ndege akitembea kutoka mkononi kupanda kwenye kiwiko, hadi shingoni, na mimi niko kwenye mstari. Siku ya kufunguliwa, shangazi alikuja nami akasimama nyuma ya kiti changu. Daktari alipoondoa tabaka la mwisho nilifumba macho. Nikasikia shangazi akivuta pumzi. Dawa ilikuwa imekula bawa moja. Mahali pake palikuwa na kovu lililoinuka, linang'aa. Mwili wa ndege, kichwa, mkia na bawa la pili, vyote vilikuwa palepale. Nilikuwa nimejitengenezea alama mbili badala ya moja.

Siku ya uandikishaji ilipokaribia, Bwana Kitsao aliniambia niende tu, kwa kuwa kukataliwa hakuui. Alasiri ya siku ya mwisho nilikuwa nimekaa ukumbini nikifunga viatu vya raba kwenye mfuko, shangazi akaja na kibakuli cha piko na kijiti chake. Akatandika mkeka. "Leta mikono," akasema. Nikamwambia shangazi, huko ni jeshini. "Wasichana wa pwani huchorwa. Watasema ulikuwa harusini, na wakikuuliza, sema ulikuwa harusini." Alinichora mikono yote miwili ili mmoja usiuumbue mwingine. Sijapata kuona kazi yake nzuri kuliko ile. Juu ya kovu aliweka ua kubwa, na mkia wa ndege akaugeuza kikonyo, na kichwa akakifanya tumba la ua ambalo bado halijafunguka. Mzee Shee alipita akielekea msikitini, akasimama, akatazama. "Mwanakheri," akasema, "huyo umemzika hai." Shangazi hakuinua kichwa. Alikuwa akipuliza mkono wangu ukauke.

Uwanja wa Kilifi ulikuwa umejaa watu kabla jua halijapata nguvu. Tulikimbia, na mimi na Mbeyu tulimaliza pamoja, wa mbele kabisa. Wakatupima urefu, wakatutazama meno. Wale waliokuwa wanatolewa walitembea wakitazama chini hadi kwenye uzio, na kule kwenye uzio kulikuwa na mama zao. Tulipobaki wachache walitupanga mstari mmoja. Mbeyu alikuwa upande wangu wa kulia, wasichana wawili wakitutenga. Sajini mmoja wa makamo, mwenye miwani, akaja mbele yetu.

"Nyoosheni mikono. Viganja chini."

Alipofika kwangu aliangalia maua. "Umeolewa?"

"Sijaolewa, afande. Kulikuwa na harusi nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Akafika kwa msichana wa pili. Pumzi niliyoishikilia ikaanza kunitoka, na wakati huo huo akarudi. Sijui alirudia nini. Labda niliishusha mikono haraka mno. Aliushika mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba chake juu ya ua, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Kidole kikasimama kwenye kovu.

"Hapa chini kuna nini?"

"Niliungua, afande."

Aliuelekeza mkono juani, akauinamisha huku na huku. Piko ni nyeusi na wino ni mweusi, ila kwa jua la pembeni kila kimoja kina weusi wake, na nilimwona akimwona. "Huyu ni ndege," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kikundi gani hiki?"

"Si kikundi, afande."

"Vijana wa siku hizi mnachorwa alama moja, mnakuja kujipenyeza. Mlichorwa wangapi?"

Kwa pembe ya jicho nilimwona Mbeyu akigeuza kichwa, na mdomo wake ukifunguka. Ndege wake alikuwa amefunikwa na fulana, na Bwana Kitsao alikuwa amemwambia huyo angeweza kupita. Lakini Mbeyu asingeweza kupita akiwa nusu ya kikundi. Nilimtazama nikatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Nilichorwa peke yangu, afande."

"Kwa nini?"

"Nilimpenda."

"Ulimpenda nani?"

"Ndege, afande."

Kuna msichana aliyecheka kwa woga. Sajini hakucheka. Aliuachia mkono wangu taratibu, na aliponiambia nitoke kwenye mstari aliniambia kwa upole, akaongeza kwamba mbio nilikuwa nimekimbia vizuri. Nilitembea hadi kwenye uzio. Shangazi alikuwa huko, amesimama kati ya mama za watu.

Hapo hofu yangu haikwisha, ilihama tu. Mbeyu alikuwa ameingizwa kwenye hema la daktari, na nilikaa juani nikilitazama pazia la hema lile kuliko nilivyokuwa nimetazama kitu chochote mwaka mzima. Shangazi aliniletea maji sikuyanywa. Hatimaye pazia likafunguka, akatoka. Alikuwa akilia, na sikujua ni kilio cha aina gani hadi aliponifikia. "Daktari mwanamke amemwona," alinong'ona. "Akasema sare itamfunika." Tulikumbatiana kupitia matundu ya seng'enge.

Jumapili ile jikoni Mnarani, mchele ukiwa motoni, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza alikuwa anataka kusema nini pale mstarini. Alifuta mikono kwa kanga. "Nilitaka kusema, na mimi ninaye. Neno lilikuwa hapa." Akagusa ulimi. "Ukanitikisia kichwa, nikatii. Watu husema amri ya kwanza niliipata mafunzoni Eldoret. Mimi niliipata kwako." Kisha akasema amekaa na neno lile lisilosemwa miaka yote, na kwamba kila walipovalishwa nguo za mazoezi zisizo na mikono alikuwa akigeuza mgongo ukutani. Kumbe naye aliogopa. Nilikuwa nimemfikiria amelala usingizi mzuri miaka yote hiyo.

Baada ya Mbeyu kuondoka kwenda mafunzoni nilirudi kwenye mkeka wa shangazi. Piko ilichujuka na ndege akarudi na bawa lake moja. Sikutoka nje ila kwa kutumwa. Nilikuwa nimeanza kuogopa hata watu wasio na sare. Kisha mchana mmoja wa kaskazi kavu, nyumba za makuti upande wa pili wa mtaa zikashika moto. Mtu aliyewahi kuona makuti yakiungua anajua hayana huruma, moto unaruka paa hadi paa kama unaitwa. Gari la zimamoto lilikwama kwenye vichochoro, na watu wakawa wanapitishiana ndoo. Mimi sikukaa kwenye mstari wa ndoo. Nilipanda juu ya ukuta wa jirani nikaanza kung'oa makuti ambayo hayajashika, ili moto ukifika ukose chakula. Jambo hilo sikufundishwa na mtu, nililiona tu. Mkuu wa zimamoto, Bwana Charo, alifika na mpira wa maji akanikuta nimekaa kitako juu ya ukuta, mweusi uso mzima, nikikohoa. Alinyoosha mkono anishushe. Nilimpa wa kushoto kabla sijafikiri.

Aliutazama. Nami nikasubiri, kwa kuwa nilijua kinachofuata.

"Unaogopa moshi?" akaniuliza.

"Naogopa."

"Vizuri. Njoo stesheni kesho."

Shangazi hakukubali siku nyingi. Alisema nimejichoma mwenyewe mwaka mzima, sasa nataka kwenda kuchomwa na mioto ya wenzangu. Alisema mwanamke kwenye ngazi ataonekana nini. Mzee Shee akajibu kutoka chumbani, juu ya ukuta, kwamba ataonekana anazima moto. Nilipoletewa sare, suruali ilikuwa ya mwanamume mrefu, ikiburura sakafuni, na nilikuwa nikiikunja kwa aibu pale ukumbini shangazi alipoingia kutoka sokoni. Aliweka kikapu chini. Alinitazama juu hadi chini. Kisha akaenda kuleta pini, akapiga magoti mbele yangu akaziweka mdomoni.

"Huko juu ya ngazi," akasema kupitia pini, "nani hukushika?"

"Mwenzangu wa chini."

"Aijua kazi?"

"Aijua, shangazi."

"Basi simama wima," akasema. "Usitikisike. Pindo litakwenda upande."